Pensheni ya Uingereza ukiwa umerudi nyumbani: inalipwaje, na kwa nini haipandi

Serikali ya Uingereza hulipa pensheni yake ya uzeeni popote mstaafu alipo. Muuguzi aliyestaafia Leicester akarudi Moshi, dereva wa basi wa London aliyejenga Kilifi, mtunza wazee aliyehamia Unguja kwa wanawe: wote hulipwa, na pasipoti waliyo nayo mfukoni haihusiki. Kinachohesabiwa ni michango ya National Insurance, ile inayoonekana kwenye hati ya mshahara kwa herufi mbili, NI. Aliyefanya kazi kwa viza akaondoka bila kuomba uraia ana haki sawa na aliyezaliwa Manchester, almuradi miaka yake ya michango imetimia.

Ugumu uko kwenye kiasi. Ukiishi Kenya, Tanzania au Uganda pensheni hiyo huganda. Kiwango ulichoanza nacho ndicho utakacholipwa mwaka wa kwanza, wa kumi na wa ishirini na tano, huku mwenzako aliyebaki Uingereza akiongezewa kila mwezi wa Aprili. Asiyelijua hili kabla ya kuuza nyumba na kufunga mizigo hupanga uzee wake kwa hesabu isiyo sahihi, na barua ya malalamiko haiwezi kuirekebisha baadaye.

Miaka kumi, la sivyo hakuna kitu

Maelezo haya yanahusu mfumo mpya, yaani wa waliofikia umri wa pensheni kuanzia 6 Aprili 2016: wanaume waliozaliwa tangu 6 Aprili 1951 na wanawake waliozaliwa tangu 6 Aprili 1953. Pensheni kamili katika mfumo huu ni pauni 241.30 kwa wiki kuanzia Aprili 2026. Ili kuipata yote unahitaji miaka 35 ya michango. Ukiwa na chini ya miaka 10 hupati hata senti. Ukiwa katikati, kila mwaka una thamani ya sehemu moja ya 35, yaani kama pauni 6.89 kwa wiki. Miaka 12 inaleta takriban pauni 82.70 kwa wiki. Miaka 20, takriban pauni 137.90.

Hesabu hiyo nyepesi inafaa kwa aliyeanza kuchangia baada ya 6 Aprili 2016. Aliyechangia kabla ya hapo alipigiwa hesabu kwa kanuni za zamani na za mpya, akapewa iliyo kubwa kama kianzio chake, kisha miaka iliyofuata ikaongezwa juu yake. Kwa hiyo usikadirie kwa kalamu. Omba makadirio rasmi, ama kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ama kwa fomu BR19. Huduma hii ni bure. Anayekutoza pesa akuombee makadirio anakuuzia kitu ambacho serikali inakitoa bila malipo.

Neno "mwaka" hapa ni mwaka wa kodi wa Uingereza, unaoanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Mwaka huo huhesabiwa ikiwa mapato yako kwa mwajiri mmoja yalifikia kiwango cha chini, ambacho kwa 2025/26 kilikuwa pauni 6,500. Mwenye vibarua viwili vidogo, kila kimoja kikiwa chini ya kiwango hicho, anaweza kufanya kazi mwaka mzima na mwaka ule usihesabiwe. Kwa upande mwingine, mzazi aliyekuwa akipokea posho ya mtoto wa chini ya miaka 12 huandikiwa mwaka hata kama hakuwa na kazi. Wako kina mama wengi waliolea Uingereza wakidhani hawana kitu, kumbe wana miaka sita au saba imeandikwa kwa majina yao.

Kuna mitego miwili hapa inayowanasa watu wa kwetu hasa.

Wa kwanza ni kuchanganya miaka. Uingereza ina mikataba na nchi kadhaa, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, inayoruhusu miaka ya kazi ya huku ijumlishwe na ya kule ili mtu afikishe kumi. Haina mkataba wa aina hiyo na Kenya, wala na Tanzania, wala na Uganda. Michango yako ya NSSF au PSSSF, hata iwe ya miaka thelathini, haiwezi kuziba pengo la mwaka mmoja wa NI. Mwenye miaka tisa na miezi ya ziada hesabu yake ni tisa, na tisa ni sifuri mpaka anunue mwaka wa kumi. Namna ya kuununua tutaiona mbele.

Wa pili unawahusu waliofanya kazi hospitalini, shuleni au halmashauri kabla ya Aprili 2016. Wengi wao walikuwa kwenye mifuko ya pensheni ya mwajiri iliyowapa punguzo la NI, na kwa sababu hiyo sehemu ya pensheni yao ya serikali ilipunguzwa. Muuguzi mwenye miaka 30 ya michango anaweza kuletewa makadirio madogo kuliko alivyotazamia, akadhani kuna kosa. Mara nyingi hakuna kosa: sehemu iliyokosekana iko ndani ya pensheni ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Hizi ni pensheni mbili tofauti, zinadaiwa sehemu mbili tofauti, na kama tutakavyoona, hazifanani hata kidogo ukishavuka mpaka.

Umri nao umebadilika. Aliyezaliwa kati ya 6 Oktoba 1954 na 5 Aprili 1960 aliipata akiwa na miaka 66. Aliyezaliwa kati ya 6 Machi 1961 na 5 Aprili 1977 ataipata akiwa na 67. Waliozaliwa katikati ya tarehe hizo wanaongezewa mwezi mmoja mmoja juu ya 66. Hakuna kuichukua mapema, hata kwa ugonjwa.

Namna pensheni inavyoganda

Ndani ya Uingereza pensheni hupandishwa kila Aprili kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya vitu vitatu: mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Pensheni kamili ya mfumo mpya ilianza na pauni 155.65 kwa wiki mwaka 2016. Mwaka 2020 ilikuwa 175.20, mwaka 2023 ikafika 203.85, mwaka 2025 ikawa 230.25, na sasa ni 241.30.

Tuseme mtu alifikia umri Juni 2016 akiwa tayari anaishi Mombasa, na ana haki ya pensheni kamili. Alianza na pauni 155.65. Leo bado analipwa pauni 155.65. Mwenzake waliyefanya kazi pamoja, mwenye idadi ileile ya miaka, aliyebaki Birmingham, anapata 241.30. Tofauti ni pauni 85.65 kwa wiki, zaidi ya pauni 4,450 kwa mwaka, na pengo hilo hupanuka kila Aprili. Wazee wa mfumo wa zamani wameumia zaidi. Aliyeondoka mwaka 2000 akiwa na pensheni ya msingi kamili ya wakati ule bado yuko kwenye pauni 67.50 kwa wiki.

Nchi ambako pensheni huendelea kupanda ni za Umoja wa Ulaya na jirani zake, Marekani, na kundi dogo lenye mikataba maalumu, kama Jamaika, Barbados, Ufilipino, Uturuki na Israeli. Barani Afrika iko moja tu: Morisi. Afrika Mashariki yote imo kwenye kundi la kuganda, vivyo hivyo Oman na Falme za Kiarabu, kwa wale wa pwani wanaofikiria kwenda kuzeekea Muscat au Dubai. Kanada, Australia na Afrika Kusini nazo zimo. Anayehama kutoka Uingereza kwenda Toronto kwa watoto huganda. Anayekwenda Chicago haigandi. Mantiki ya kiuchumi haipo hapo. Ni historia ya mikataba tu, na serikali baada ya serikali zimekataa kuibadilisha kwa sababu ya gharama. Jambo hili lilifikishwa mahakamani na Annette Carson, mstaafu anayeishi Afrika Kusini. Alishindwa mbele ya majaji wa Uingereza, kisha Machi 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg nayo ikaamua kuwa kugandisha si ubaguzi unaokatazwa na mkataba wake. Kwa maoni yetu ni dhuluma kwa watu waliochangia kwa kiwango kilekile na wenzao, lakini ndiyo sheria iliyopo, na lazima kupanga kwa kuifuata.

Sasa, kuganda huanza lini hasa? Hapa watu huchanganyikiwa sana.

Ukiondoka Uingereza ukiwa na miaka 50, hakuna kinachoganda siku hiyo. Miaka yako ya michango inakaa kwenye rekodi, na thamani yake inakwenda na viwango vipya mpaka siku utakapofikia umri wa pensheni. Hapo ndipo inapoganda, kwa kiwango cha wakati huo. Kurudi nyumbani mapema kwenyewe hakukupunguzii thamani ya kila mwaka. Kunakukosesha tu miaka ambayo ungeendelea kuchangia.

Ukiondoka ukiwa tayari unapokea, unabaki na kiwango ulichokuwa nacho wakati wa kuhama. Hii inaifanya tarehe ya ndege kuwa na uzito ambao wengi hawaufikirii. Aliyehama Machi 2026 ameganda kwenye 230.25. Aliyengoja hadi kiwango kipya cha Aprili kianze kulipwa, kisha akahama, ameganda kwenye 241.30. Wiki chache za subira zina thamani ya pauni 11.05 kila wiki, karibu 575 kwa mwaka, kwa maisha yake yote yaliyobaki. Aprili 2023 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kutoka 185.15 hadi 203.85. Kama unapanga kuhama mwanzoni mwa mwaka na huna linalokuharakisha, ngoja Aprili ipite.

Ukirudi Uingereza kwa matembezi, una haki ya kulipwa kiwango cha sasa kwa muda utakaokuwa huko, mradi uwaarifu. Ukiondoka tena, unashuka hadi kiwango chako cha zamani. Ukirudi kuishi moja kwa moja, pensheni hupandishwa hadi kiwango cha siku hiyo na kuendelea kupanda. Anayegawa mwaka nusu kwa nusu lazima achague nchi moja ya kulipiwa; mfumo haukubali kuhamahama kila baada ya miezi sita.

Wako wanaoacha anwani ya mtoto wao wa London kwenye rekodi ili waonekane bado wako Uingereza. Tusifichane: huo ni udanganyifu mbele ya sheria. Rekodi za safari za ndege, za hospitali na za kodi huonyesha ukweli, na ukibainika, kila pauni uliyozidishiwa inageuka deni linalokatwa kwenye pensheni yenyewe. Mzee wa miaka 80 anayedaiwa nyongeza za miaka kumi hana namna ya kulilipa deni hilo bila kuumia.

Pensheni ya NHS, ya ualimu na mifuko mingine ya watumishi wa umma haina tatizo hili. Hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei popote mstaafu alipo. Mwenye pensheni zote mbili ataona moja ikikua na nyingine ikisimama, na bajeti yake ya uzee aijenge juu ya ile inayokua.

Kununua miaka

Mwenye mapengo anaweza kuyaziba kwa michango ya hiari, kwa kawaida kurudi nyuma hadi miaka sita ya kodi. Ruhusa ya kurudi mpaka mwaka 2006 iliisha 5 Aprili 2025.

Michango hiyo inaitwa ya Daraja la 3. Kwa mwaka wa 2025/26 bei yake ni pauni 17.75 kwa wiki, yaani pauni 923 kwa mwaka mzima. Mwaka mmoja ulioongezeka, kwa kiwango cha sasa, unaleta pauni 6.89 kwa wiki, kama 358 kwa mwaka. Pesa inarudi ndani ya miaka mitatu kasoro. Hata pensheni ikiganda, hesabu hii inabaki nzuri, na kwa aliyekwama kwenye miaka tisa ni nzuri kupita kiasi: mwaka mmoja wa kununua unamfungulia yote kumi, takriban pauni 69 kwa wiki.

Zamani mtu aliyekuwa ng'ambo akifanya kazi aliweza kuchangia Daraja la 2 kwa pauni 3.50 tu kwa wiki. Mlango huo umefungwa kuanzia 6 Aprili 2026. Pamoja na hilo, masharti ya kuchangia kwa hiari ukiwa nje yamekazwa: zamani ilitosha kuwa umeishi Uingereza au kuchangia miaka mitatu, sasa maombi mapya yanataka miaka kumi. Maana yake ni kwamba aliyeishi na kuchangia miaka saba akaondoka hawezi tena kutegemea kujazia mitatu iliyobaki kwa miaka ijayo akiwa Nairobi. Kama uko Uingereza na una miaka saba au minane, hili ni jambo la kulipima kabla ya kukata tiketi.

Maombi hufanywa kwa fomu CF83 inayokwenda kwa mamlaka ya kodi, HMRC. Kabla ya kulipa chochote, uliza kwa maandishi kama mwaka unaotaka kuununua utaongeza pensheni yako. Si kila mwaka unaongeza. Wakati ruhusa ile ya kurudi hadi 2006 ilipokuwapo, aliyekuwa kwenye mfuko wa mwajiri kabla ya 2016 aliweza kulipia mwaka wa 2015 na asione badiliko, ilhali mwaka wa 2021 ungemwongezea kikamilifu. Pesa iliyolipwa kwa mwaka usio na faida ni vigumu kurudishiwa.

Kudai ukiwa nje

Pensheni hii haiji yenyewe. Aliye Uingereza hupelekewa barua ya kumkumbusha. Aliye Tanga au Kisumu, ambaye anwani yake kwenye rekodi ni ya chumba alichopanga mwaka 1998, hapelekewi kitu. Anayeshughulikia madai ya walio nje ni Kituo cha Pensheni cha Kimataifa kilicho chini ya wizara ya kazi na pensheni, DWP. Unaweza kuanza kudai miezi minne kabla ya tarehe yako, na ni vizuri ukaanza hapohapo.

Fomu inaitwa IPC BR1. Inataka namba yako ya NI, yenye herufi mbili, tarakimu sita na herufi moja mwishoni. Inapatikana kwenye hati za mshahara na kwenye P60, ile karatasi ya mwisho wa mwaka wa kodi, kwa hiyo usizitupe unapohama. Inataka pia tarehe ulizoishi na kufanya kazi katika kila nchi, hali ya ndoa pamoja na ndoa zilizopita, na taarifa za benki. Andika anwani zote za Uingereza unazozikumbuka na majina ya waajiri, kwa sababu ndizo zinazosaidia kupata michango iliyoandikwa kwa jina lililokosewa.

Majina ndiyo chanzo kikubwa cha kuchelewa kwa watu wetu. Mtu aliandikishwa NI kama Fatuma Ali, pasipoti inasema Fatuma Juma Ali, kitambulisho cha taifa kinasema Fatma J. Ali, na akaunti ya benki ina jina la mume. Kwa afisa aliye Newcastle hao ni watu wanne. Sawazisha majina mapema: benki na pasipoti zifanane herufi kwa herufi, na kwa lililobaki andaa hati ya kiapo iliyothibitishwa na wakili pamoja na cheti cha ndoa.

Ukichelewa kudai, unaweza kuomba ulipwe nyuma hadi miezi 12. Zaidi ya hapo, muda uliopita unahesabiwa kama umeahirisha. Kuahirisha kunaongeza asilimia 1 kwa kila wiki 9, karibu asilimia 5.8 kwa mwaka. Wako wanaofikiri kwamba wakiahirisha wakiwa Kenya watakwepa kuganda, wakisubiri kiwango kipande kwanza. Haiwi hivyo. Kwa aliye kwenye nchi ya kuganda, nyongeza hupigwa juu ya kiwango cha siku alipofikia umri, au siku alipohamia kama alihama baadaye. Mwenye pensheni kamili akiahirisha mwaka mmoja anaacha zaidi ya pauni 12,500 ili apate kama pauni 14 zaidi kwa wiki. Itamchukua miaka 17 hivi kuzirudisha. Kwa watu wengi wanaorudi nyumbani hatushauri kuahirisha.

Pesa kuingia

Malipo hufanywa kila wiki 4 au kila wiki 13, upendavyo. Pensheni iliyo chini ya pauni 5 kwa wiki hulipwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba. Unaweza kuchagua akaunti ya Uingereza au ya benki ya hapa.

Ukichagua ya hapa, pesa huja kwa shilingi, kwa kiwango cha kubadilishia cha siku ile ambacho huna sauti juu yake. Fomu huuliza IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, lakini benki za Kenya na Tanzania hazitumii IBAN. Andika namba kamili ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako kimataifa, na uchukue barua ya benki inayothibitisha vyote viwili. Tarakimu moja ikikosewa, malipo hurudi yalikotoka, na kuyafuatilia huchukua wiki nyingi.

Ukibaki na akaunti ya Uingereza unapokea pauni na kuchagua mwenyewe siku ya kuzihamisha. Hatari yake ni kwamba baadhi ya benki za huko hufunga akaunti za wateja wasioishi nchini. Uliza benki yako kabla ya kubadilisha anwani. Anayelipwa kila wiki 13 na kuhamisha mara nne kwa mwaka hulipa ada ya uhamisho mara nne badala ya kumi na tatu. Kwa pensheni ndogo tofauti hiyo inaonekana.

Cheti cha uhai

Kila baada ya muda DWP hutuma fomu kwa posta ya kuthibitisha kwamba bado uko hai. Unaisaini mbele ya shahidi, naye anajaza sehemu yake, kisha unairudisha. Shahidi anaweza kuwa daktari, wakili, mwalimu, afisa wa benki, polisi, padri au shehe anayetambulika. Si lazima awe Mwingereza wala aishi Uingereza. Ndugu wa damu au wa ndoa hafai.

Isiporudi kwa wakati, malipo husimamishwa. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya pensheni kukatika ghafla, na mara nyingi mstaafu hana kosa: barua ilikaa kwenye sanduku la posta la shule aliyostaafu jirani yake, au haikufika kabisa. Tumia sanduku la posta linalofunguliwa kila wiki na mtu unayemwamini, na kila ukihama, waarifu. Malipo yakikosekana hata mara moja, piga simu siku hiyohiyo. Fomu ya pili hutumwa, na ukithibitisha, malipo yaliyosimamishwa hulipwa yote.

Vinavyobaki nyuma

Nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, yaani Pension Credit, haikufuati. Ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi nayo haikufuati. Matibabu ya bure ya NHS yanategemea kuishi Uingereza, si kuchangia, kwa hiyo mstaafu aliyehama akirudi kutibiwa hospitalini anaweza kutozwa. Tenga pesa ya bima ya afya ya hapa kabla ya kitu kingine chochote. Inapanda bei kila mwaka, na pensheni yako haipandi.

Kuhusu kodi, pensheni ya serikali hulipwa bila kukatwa. Mwenye pensheni ya pili, kama ya NHS, ndiye anayeweza kuona kodi ikikatwa, na inakatwa kwenye hiyo ya pili. Uingereza ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Kenya na Uganda, na madai hupitia HMRC kwa fomu inayogongwa muhuri na mamlaka ya kodi ya nchi unayoishi.

Mstaafu akifariki

Familia iwaarifu Kituo cha Pensheni cha Kimataifa mara moja, na kupeleka cheti cha kifo. Pesa inayoingia baada ya tarehe ya kifo itadaiwa irudishwe, na wanaoitumia kwa mazishi bila kujua hujikuta na deni wakiwa bado matangani. Katika mfumo mpya mjane au mgane kwa kawaida harithi pensheni ya mwenzake. Lakini kama ndoa ilifungwa kabla ya 6 Aprili 2016 na marehemu alikuwa akilipwa zaidi ya kiwango kamili kwa sababu ya michango ya zamani, anaweza kurithi nusu ya ile ziada. Pensheni ya NHS ina utaratibu wake wa mjane, na huo ni wa kudaiwa peke yake. Kwa madai yote mawili cheti cha ndoa kilichosajiliwa serikalini ndicho cha kwanza kuulizwa, na ndoa iliyofungwa mbele ya shehe miaka arobaini iliyopita bila kusajiliwa ishughulikiwe wakati wote wawili wako hai na wanaweza kusaini.